Kanda ya Dakika Kumi na Moja

Kanda ikisharekodiwa hairefuki. Hilo hata aliyeanza kazi leo asubuhi analijua: ikiwa na dakika kumi na moja, itabaki na dakika kumi na moja mpaka ioze. Ndiyo maana mama mmoja aliyekuwa amekaa peke yake mbele ya televisheni ndogo, saa kumi alasiri, jua bado linachoma mapazia, aliirudisha kanda nyuma mara tatu kabla ya kukubali alichokiona. Tarakimu za pembeni mwa skrini zilisoma dakika kumi na moja na sekunde ishirini na sita. Jana, juzi, na kila siku kwa miezi minne iliyopita, kanda hiyo hiyo ilikuwa inakatika kwenye dakika kumi na moja kamili.

Usije ukasema ni ujane uliokuwa unamchezea. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mhariri wa picha katika kituo cha televisheni, miaka kumi na tisa akikata na kuunga, na kazini walimwita Mkasi. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza kipande fulani cha habari kina urefu gani, angekutajia hadi sekunde, kisha akuulize una shida gani mpaka unaamsha watu.

Jina la Mkasi alipewa na mumewe, na mumewe naye watu walimwita Mshazari. Alikuwa mpiga picha wa kituo hicho hicho, yule anayetumwa vitani wakati wengine wanatumwa bungeni. Utotoni alianguka kutoka juu ya paa, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, ukawa mfupi kidogo. Basi alitembea mshazari, na kwa kuwa kamera aliibeba begani, picha zake nazo zililala: nyumba zimeinamia kushoto, nguzo zimeinamia kushoto, majenerali wenye nyota zao mabegani wameinamia kushoto. Mkasi ndiye aliyezinyoosha kwenye mashine, moja baada ya nyingine.

"Wewe unaipinda dunia, mimi nainyoosha," alikuwa anamwambia.

"Basi tusije tukaachana," mume alimjibu, "itabaki imepinda."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo watu wa kazini hawakulicheka kwa sababu hawakulijua. Kila alipomaliza kupiga kipande, kabla hajabonyeza kitufe cha kuzima, Mshazari aliziba lenzi kwa kiganja kwa sekunde mbili. Kidole chake cha shahada hakikuwa na ncha, kilibanwa na stendi ya kamera miaka mingi nyuma, kwa hiyo pale kilipoishia mwanga ulipenya kwenye kona ya picha, na sehemu nyingine yote ikawa nyekundu ya nyama na damu. Huo ulikuwa ujumbe wake kwa mhariri wake: nimemaliza, kata hapa. Naye alikata. Miaka yote kumi na tisa alivikata viganja vile na kuvitupa, maelfu, pamoja na takataka nyingine za chumba cha kuhariri. Hakuwahi kumsimulia mtu, maana nani angetaka kusikia habari za takataka.

Sasa hivi angetoa nusu ya nyumba apate hata kimoja. Mpiga picha haonekani kwenye picha zake mwenyewe. Yeye yuko nyuma siku zote. Mkasi alikuwa na picha mbili tu za mumewe, ya kitambulisho na ya harusi, na ile ya harusi bwana harusi amefumba macho.

Na alikuwa na kanda hii. Askari waliileta kwenye gunia pamoja na kamera, bila betri. Hakuipeleka kituoni, kwa sababu aliwajua wenzake: wangeirusha saa mbili usiku, baada ya mpira na kabla ya hali ya hewa. Aliificha nyumbani, na kila alasiri akitoka kazini aliiunganisha kamera kwenye umeme na televisheni, akakaa.

Ilikuwa shule iliyogeuzwa kuwa kituo cha majeruhi, na mabomu yalikuwa yanaanguka. Dakika saba za mwanzo Mshazari alipiga picha kama alivyopiga siku zote, watu wanakimbia, watu wanalala. Miaka yote hiyo watu walimuuliza anawezaje kusimama na mashine begani huku mwenzake anakufa mbele yake. Hata mkewe alimuuliza siku moja, mezani. "Kwani kamera huwa huiweki chini?" Alimjibu, "Nikiiweka chini, nani ataona?" kisha akakisukuma chakula pembeni, na Mkasi akajuta kuuliza.

Dakika ya nane, picha ilishuka taratibu ikatua juu ya ukuta mfupi wa matofali, na hapo ndipo mwenye kamera alipotokea mbele ya kamera yake kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alionekana mgongo kwanza, anachechemea kuelekea kwenye moshi. Akatoka amembeba muuguzi. Akaingia tena, akatoka na mzee mikononi. Kabla ya kuingia mara ya tatu aligeuka akaitazama kamera, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, kisha akaingia. Ukizijumlisha zote alionekana kwa sekunde arobaini. Baada ya hapo ni vumbi na moshi, mpaka dakika ya kumi na moja, kanda ilipojikata yenyewe. Kiganja hakikuja. Ndicho kipande pekee ambacho Mshazari hakukifunga.

Sasa katika zile sekunde ishirini na sita mpya, moshi ulikuwa umetulia, hakukuwa na mtu, na picha iliinuka kutoka juu ya ukuta. Kuna kilichoibeba kamera. Ikageuka, ikaanza kwenda.

Siku ya pili zilikuwa dakika kumi na nne. Siku ya tatu, kumi na nane. Barabara ya vumbi, daraja lililovunjika, kizuizi ambacho askari wake walikuwa wanatazama upande mwingine. Mbwa waliokuwa njiani walilala chini na mkia katikati ya miguu. Sauti ya nyayo haikusikika hata mara moja. Na upeo wa macho, kule mbele ambako ardhi inakutana na mbingu, ulikuwa umenyooka.

Mkasi aliliona hilo siku ya kwanza. Mtu aliyenyoosha picha miaka kumi na tisa hawezi kukosa kuliona. Aliliona, akajifanya hajaliona, kwa sababu tayari alikuwa amekwishaijua ile njia. Aliifahamu kutoka kwenye ramani zilizobandikwa ofisini. Ilikuwa inakuja nyumbani.

Nawe usimcheke. Kazini, wenzake waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza akiingia, wakaongea tena akitoka. Walimpa kazi laini, mvua na bei za matunda, na wakati wa chai kila mtu alikumbuka kwamba ana simu ya kupiga. Nyumbani alikuwa na vikombe viwili vya chai. Alikuwa akinywea kimoja, lakini alikuwa anaviosha vyote viwili. Mtu wa namna hiyo akiona kuna kitu kinakuja kwake kutoka mbali, kila siku kinakaribia kidogo, haulizi maswali. Alianza kufua mashati ya mumewe. Alianza kuisalimu skrini. "Umefika wapi leo?" alikuwa anauliza, kwa sauti ndogo, na ilikuwa sauti pekee ambayo nyumba hiyo iliisikia kutwa nzima.

Harufu ilianza wiki ya pili. Baruti, na nywele zilizoungua, kidogo tu, ikitokea kwenye lenzi. Kisha alasiri moja akiwa jikoni alisikia injini ya kamera inazunguka sebuleni, ule mlio mwembamba alioujua, na alipokuja kuangalia waya wa umeme ulikuwa umekunjwa juu ya kochi, haujachomekwa popote.

Wifi yake, dada wa Mshazari, ndiye aliyemkuta katika hali hiyo. Alikuja bila taarifa, akaona mashati yaliyopigwa pasi yamepangwa kitini, akaona meza imeandaliwa kwa watu wawili. Akakaa naye kutazama. Zilikuwa dakika arobaini na tatu, na picha ilikuwa inapita kwenye barabara kuu ya lami, mchana kweupe, katikati ya watu ambao hakuna aliyegeuka.

"Wifi," alinong'ona, "hii ni nini?"

"Kaka yako anarudi."

"Kaka yangu tumemzika."

"Tumezika sanduku. Nani aliona ndani?"

Yule dada aligeuka kumtazama. "Mimi nililifungua," akasema. "Nyie mlikuwa nje. Ni yeye, wifi. Sikutaka kukwambia." Akamshika mkono. "Na huyu hapa hachechemei. Hebu angalia mwenyewe. Huyu anateleza tu."

"Najua." Mkasi alianza kulia. "Picha za Mshazari zinalala kushoto. Hizi zimenyooka. Najua tangu siku ya kwanza."

Wifi alipoinuka kwenda kumchukulia maji ndipo alipoiona kamera mezani. Walikuwa wameizima na kuchomoa waya. Taa yake ndogo nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka, na lenzi ilikuwa imewaelekea wao.

Kesho yake picha ililala kushoto.

Kwa sekunde moja moyo wa Mkasi uliruka kwa furaha, ni yeye, ni yeye jamani, kisha akaitazama picha vizuri. Ilikuwa imelala mno. Nyumba zilikuwa karibu kuanguka, barabara imesimama kama ukuta. Hivi ndivyo mtu anavyomwigiza kilema asiyemjua, kwa kusikia tu habari zake. Na kibanda cha mafuta kilichokuwa kinapita kwenye skrini ni kile cha nyuma ya soko, ambako yeye mwenyewe alinunua mafuta ya taa juzi.

Wifi alimpeleka kwa fundi cherehani mmoja, mama mfupi mwenye miwani minene, ambaye watu walimwendea kupunguza nguo mbele ya wengine na kwa mambo mengine mlango ukishafungwa. Aliwasikiliza akiwa na pini mdomoni, gauni la mtu likiwa mapajani. Mkasi alipofika mwisho, fundi alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa.

"Hicho kipande cha mwisho, mwenyewe alikifunga?"

"Hakukifunga."

"Ndiyo hapo. Mshono usipopigwa fundo, chochote kinachopita kinashika uzi kinavuta. Na pale alipofia vinapita vingi. Jini hilo halimjui mumeo, ila limeshika uzi wake, na uzi unaishia kwako." Akavua miwani. "Kanda ina dakika ngapi?"

"Ikijaa, sitini."

"Basi ikijaa, limefika. Rekodi juu yake. Tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mkupuo mmoja, mbele ya kamera pawe na ukuta mtupu. Usisimamishe, usifungue mlango, usijibu. Na mdomo wako uufunge kuanzia sasa, maana kila unachokitaja linakivaa."

"Nibakize dakika ya nane," Mkasi alisema. "Sekunde arobaini tu, mama. Sina picha yake nyingine."

"Mshono haufumuliwi nusu, mwanangu." Fundi alisema hivyo kwa upole, na alionekana anaumia. Kisha akauliza, "Kuna kitu chake ambacho hujapata kumtajia mtu?"

Mkasi alifikiri, akafungua mdomo. Fundi aliinua mkono haraka.

"Hata mimi usiniambie."

Ijumaa hiyo Mkasi alifanya ambacho mhariri yeyote angefanya: aliipeleka kanda kazini kwa siri, akajaribu kuinakili. Mara tatu. Nakala zote tatu zilikuwa na shule, moshi, mabomu. Dakika ya nane muuguzi alitoka kwenye moshi akielea juu ya ardhi, amelala hewani, hakuna aliyembeba. Mkasi alizifuta nakala, akazima mashine, akabaki amekaa gizani mpaka mlinzi akaja kufunga.

Jumamosi kanda ilikuwa na dakika hamsini na nane, na picha ya mwisho ilikuwa geti lake.

Saa tisa kamili alasiri alifunga mlango kwa komeo, akaiweka kamera mezani ikitazama ukuta mweupe, akachukua pimamaji ya mumewe, ile ya kupimia mbao, akahakikisha imekaa sawasawa. Alikaa kitini nyuma yake, hatua moja. Akabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka, tarakimu zikaanza kuhesabu.

Dakika saba zilipita kimya. Nje kulikuwa na jua, mtu alikuwa anakata majani, redio ya jirani ilikuwa inaimba. Mkasi hakuyaondoa macho kwenye tarakimu. Ilipoingia dakika ya nane alijua kinachoendelea ndani ya mashine ile, alikijua kuliko mtu yeyote: sasa anaondoka mgongo wake, sasa muuguzi, sasa yule mzee, sasa anageuka kutazama. Alizihesabu sekunde zote arobaini kwa midomo, bila sauti, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kanga aliyojifunika miguuni. Ikafika arobaini. Hakuna tena.

Hapo redio ya jirani ikazimika, na mtu akabisha mlango.

"Mkasi." Ilikuwa sauti ya Mshazari, ile ya asubuhi, yenye kukwaruza. "Mkasi, mbona unanifuta?"

Aliuma kanga. Sauti ikaendelea, taratibu, bila hasira, ikimwambia kwamba ametembea njia ndefu na mguu unamuuma, kwamba huko alikokuwa hakuna mtu hata mmoja, kwamba yeye alidhani kuna mke anayemsubiri, na harufu ya baruti ikapenya chini ya mlango na kujaza chumba mpaka macho yakamchonyota, na mlango ukabishwa, na dirisha likabishwa, na ukuta wenyewe ule mweupe ukabishwa kwa ndani, na ile sauti ikawa inazunguka nyumba ikimkumbusha vitu vyote alivyowahi kuiambia skrini katika alasiri zile za upweke, mashati, vikombe, kitanda kilivyo kipana, ikamuuliza kwa nini alimkaribisha kila siku kama hakumtaka, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote kwa sababu lilikuwa kweli, akainuka, akafika mlangoni, mkono ukashika komeo, lile komeo likiwa la moto, na upande wa pili kitu kikapumua karibu kabisa na ubao na kusema, "Fungua, utakuwa peke yako mpaka ufe," na Mkasi akiwa ameegemeza paji la uso kwenye mlango, analia kama hajawahi kulia hata kaburini, akasubiri akijiambia moyoni kwamba kama ni yeye ataonyesha ile ishara, ile moja ambayo hajaitaja kwa kiumbe yeyote, lakini kile kitu hakikuijua, kilizidi tu kubisha na kuomba na mwishowe kutukana, akaliachia komeo na kurudi kitini kwake.

Tak. Kanda ilikuwa imejaa. Taa nyekundu ikazimika yenyewe.

Redio ya jirani ilikuwa inaimba tena, katikati ya wimbo mwingine. Saa ya ukutani ilisema saa kumi. Mlangoni, alipofungua baada ya muda mrefu, hakukuta kitu ila majivu kidogo kwenye kizingiti, akayafagia.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Mkasi alikuwa mhariri, na mhariri haamini kazi ambayo hajaitazama mpaka mwisho. Akaosha uso, akairudisha kanda nyuma, akakaa kutazama. Ukuta. Dakika ya nane, ukuta. Hakuna kubishwa kwa mlango, hakuna sauti yoyote iliyoingia, ila kilio chake mwenyewe kwa mbali. Ukuta mweupe umenyooka, saa nzima, na kadiri dakika zilivyopita alizidi kuona jinsi nyumba ile itakavyokuwa kuanzia kesho.

Ilipobaki sekunde mbili, kiganja kikaja mbele ya lenzi.

Kilitokea nyuma ya kamera, upande ule ule aliokuwa amekaa yeye, karibu na bega lake. Kilitua taratibu kama kilivyotua siku zote. Skrini ikawa nyekundu ya nyama na damu, na kwenye kona, pale ambapo kidole kiliishia kabla ya wakati wake, mwanga ukapenya. Sekunde mbili. Kisha kanda ikaisha.

Mkasi hakuirudisha nyuma. Aliitoa kanda, akaigeuza upande wa mgongo, akakivunja kile kijino cha plastiki ambacho kikivunjwa hakuna anayeweza kurekodi juu yake tena. Halafu akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ya ubavuni kama alivyoandika kwenye kanda zote za mumewe: jina la mpiga picha, tarehe, na urefu wa kipande kinachofaa. Akaandika sekunde mbili.